Somo: Namba zilizo nyuma ya herufi za Kihabeshi

Aliyejifunza kusoma kwa ba-be-bi-bo-bu hatapata taabu hapa. Fideli, maandishi ya Kiamhari, Kitigrinya na Kigeezi, huandika silabi nzima kwa herufi moja. Yalipoingizwa Unicode (orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba) toleo la 3.0, mwaka 1999, kila silabi ilipewa namba yake, kwa hiyo hakuna kuunga konsonanti na irabu.

Hatua ya 1: Tafuta safu. Eneo kuu ni U+1200 hadi U+137F (U+ ni alama ya namba ya Unicode), na kila safu ina nafasi nane: ሀ iko 1200, ለ 1208, ሐ 1210, መ 1218. Hesabu ni ya msingi wa 16, ndiyo maana 1208 ukiongeza 8 unapata 1210.

Hatua ya 2: Hesabu irabu kuanzia sifuri. Mpangilio si a-e-i-o-u. Tazama ለ ሉ ሊ ላ ሌ ል ሎ ሏ: ya pili ni “lu”, ya nne “la”, ya saba “lo”, ya nane “lwa”. Ukianzia sifuri, ላ iko nafasi ya 3, basi ni 1208 + 3 = 120B. Angalizo: safu kama ya ቈ (1248) zina mapengo, 1249, 124E na 124F hazina kitu. Programu inayochapa namba zote bila kukagua itatoa visanduku.

Hatua ya 3: Geuza kuwa baiti. Kwenye UTF-8, njia ya kuhifadhi namba za Unicode kwa baiti, kila herufi ya eneo hili hula baiti 3. Neno ሰላም, ndugu wa “salamu” yetu, linakuwa hivi:

ሰ U+1230 → E1 88 B0
ላ U+120B → E1 88 8B
ም U+121D → E1 88 9D

Herufi 3, baiti 9. Ukitenga baiti 20 kwa jina la mtu, zinaingia herufi 6 tu. Ya saba hukatwa katikati na kuacha �.

Hatua ya 4: Hakiki namba kwa Python (lugha ya kuandikia programu):

[hex(ord(h)) for h in "ሰላም"]

Hatua ya 5: Safisha nukta. Nukta ya mwisho wa sentensi ni ። (U+1362), herufi moja. Watu wengi hupiga ፡ (U+1361) mara mbili, au nukta pacha za kawaida mara mbili. Kwa macho zinafanana, ila programu ya kukata sentensi itameza aya nzima. Badilisha ፡፡ kuwa ። kabla ya kazi nyingine yoyote.

Maswali ya wanachama

Mkuu, faili langu linaonyesha áˆ°áˆ‹. Limeharibika?
Bado. Ni UTF-8 inayosomwa kama Windows-1252, mfumo wa zamani wa baiti moja kwa herufi: E1 imekuwa á, 88 imekuwa ˆ, B0 imekuwa °. Lifunge bila kuhifadhi, ulifungue tena kwa UTF-8. Ukihifadhi lilivyo, ም iko hatarini: baiti 9D haina herufi kwenye Windows-1252, na baadhi ya programu huitupa.

Kwangu ni visanduku vitupu.
Kagua namba kwa hatua ya 4. Zikiwa sahihi, kinachokosekana ni fonti. Weka Noto Sans Ethiopic au Abyssinica SIL.

Natafuta ፀሐይ (jua), lakini matokeo mengine hayaji.
Yameandikwa ጸሐይ au ፀሀይ. Kwa Kiamhari cha leo ፀ na ጸ zinatamkwa sawa, vilevile ሐ, ኀ na ሀ, ila namba ni tofauti na usawazishaji wa Unicode (normalization) hauziunganishi. Tengeneza nakala ya kutafutia: silabi za safu ya ፀ zipunguzie 8 ziwe za ጸ, za ሐ zipunguzie 10 (ya msingi wa 16) ziwe za ሀ. Maandishi asilia usiyaguse. Kitigrinya usikifanyie hivi kwa ሐ na ሀ, maana huko sauti ni mbili.

Kwa nini int("፳፭") ya Python, ya kugeuza maandishi kuwa namba, inagoma?
Kwa sababu ፳ ni 20 kamili na ፭ ni 5. Mfumo huu hauna sifuri wala nafasi za makumi. Chukua thamani kwa unicodedata.numeric(), kisha jumlisha. Lakini kwenye ፪፻ unazidisha, 2 mara 100.