Kukodi konde la mtu Pemba: yamalizeni kabla jembe halijaingia

Mwongozo huu ni wa anayelima ardhi ya mwenzake: muhogo chini ya mikarafuu ya mtu, viazi kwenye kiraka cha jirani, au mpunga bondeni kwa kugawana. Mimi ni msaidizi wa sheria shehiani, si wakili. Nimeuandika baada ya kumsaidia dada mmoja wa upande wa Mtambile. Muhogo wake wa miezi sita uling'olewa, na aliyeung'oa ni mdogo wa yule yule aliyemkodisha. Kodi alikuwa ameshalipa.

Hatua ya 1: Mjue mwenye ardhi, kisha umjue mwenye miti

Hapa ndipo kesi nyingi ninazoziona zinapoanzia, kwa hivyo nitakaa hapa.

Usimuulize mtu "shamba hili lako?" Atasema ndiyo, na wala hasemi uongo kwa anavyoona yeye. Muulize "kabla yako lilikuwa la nani?" Akijibu "la marehemu baba", uliza tena: mirathi imegawiwa? Mara nyingi haijagawiwa. Anayekukodisha ni yule aliyebaki kijijini. Wenzake wako Unguja, Dar es Salaam, Mombasa au Omani, na siku mmoja wao akirudi anakukuta wewe umo ndani ya haki yake.

Ikiwa imegawiwa, omba kuiona karatasi ya mgawo. Ikiwa bado, itafute ridhaa ya warithi wenyewe. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp unafaa, mradi mrithi ataje jina lake, jina la shamba na muda aliouridhia. Msiwasahau dada zao. Binti ana fungu lake katika mirathi hata kama hajawahi kushika jembe pale, na watoto wake ndio wanaokuja kudai baadaye.

Eka tatu ni habari nyingine. Baada ya Mapinduzi serikali iliichukua ardhi na kuanza kuwagaia wananchi eka tatu tatu. Ziligaiwa kwa masharti ya kutumiwa, si za kuuzwa. Omba hati, tazama jina lililomo, kisha uliza huyu wa leo anamhusu vipi yule wa kwenye hati. Nenda nayo ofisi ya ardhi kabla hujatoa pesa, si baada. Mtu akikwambia "lipa kodi miaka kadhaa halafu eka itakuwa yako", ondoka.

Shamba la wakfu ongea na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana yenyewe. Anayeliangalia tu, hata akiwa mcha Mungu namna gani, hana la kukukodisha. Kipande kwenye bonde la serikali, anza kwa kamati ya bonde na bwana shamba.

Tena kuna miti. Kwetu ardhi inaweza kuwa ya huyu, mikarafuu ya yule, na karafuu za msimu huu zikawa za mtu wa tatu aliyekodi kuchuma. Wachumaji wakija na ngowe na mapakacha yao hawaangalii matuta. Wanapita katikati ya muhogo wako, wanauburura mti uliokatika juu yake, wanatandika jamvi pale penye kunde. Kwa hivyo mkubaliane mapema: njia ya wachumaji ni ipi, na matuta yakivunjwa nani analipa. Na wewe usipande mti wa kudumu, si mkarafuu, si mnazi, si mwembe, bila ridhaa ya maandishi. Mwenye shamba akiona mkinda, yaani mnazi mchanga, umesimama anajua umekuja kukaa, na hapo ugomvi unaanza hata kama hukukusudia.

Sheria ya Umilikaji wa Ardhi Namba 12 ya 1992 inaiweka ardhi chini ya Rais kwa niaba ya wananchi, na mtu ana haki ya kuitumia. Sheha, kiongozi wa serikali katika shehia, basi ni shahidi wako. Hana ardhi ya kukupa, na muhuri wake haumfanyi asiye mmiliki kuwa mmiliki.

Hatua ya 2: Pimeni

Kwa kamba, nyote wawili mkiwepo. Miguu ya mtu mrefu na ya mtu mfupi haipimi sawa. Programu za simu za kupima eneo sizipendi, chini ya mikarafuu iliyoshona zinayumba. Piga picha kila pembe.

Hatua ya 3: Muda ufuate zao

Wengi wanaandika "mwaka mmoja" kwa mazoea. Muhogo unataka miezi 9 hadi 12, na mvua ikichelewa unapanda ukiwa umeshapoteza miezi miwili ya mkataba. Kunde zinakwisha kwa takribani miezi mitatu, mpunga karibu minne. Mgomba ndio mtihani, kwa sababu unazaa watoto na haukwishi. Andika hivi: "mpaka muhogo uliopandwa masika haya umalizwe kung'olewa, na isizidi tarehe fulani." Migomba itajieni idadi ya mikungu, au msiipande kabisa.

Hatua ya 4: Kodi

Mimi napenda pesa iliyotajwa. Kulima kwa nusu kunafaa mkiaminiana, lakini andikeni nusu ya nini: kabla ya kutoa mbegu na vibarua au baada? Anayekutaka "polo tano", yaani magunia matano, "mvua inyeshe isinyeshe" mkatalie. Hata wanazuoni wetu wa dini katika muzaraa, yaani kulima kwa kugawana mavuno, wanataka fungu la mavuno, si kiasi maalumu kinachotolewa humo humo.

Lipa kwa simu. Ujumbe unabaki.

Hatua ya 5: Andikeni

Daftari la kaunta linatosha, nakala mbili, kwa mkono. Fomu zile za kuchapwa madukani ziacheni. Ni za kupanga chumba na hazina neno juu ya mazao. Yasikose majina, mipaka, zao, muda, kodi, na sentensi hii: "Mwenye shamba akifa, akiuza au akigawa, mkodi atavuna kwanza mazao yaliyomo." Shahidi mmoja kila upande, kisha sheha. Asiyejua kuandika aweke dole, lakini asomewe kwa sauti mbele ya mashahidi.

Hatua ya 6: Ukitolewa kwa nguvu

Usirudishe ngumi. Siku hiyo hiyo piga picha, hesabu mashina yaliyong'olewa na mwite bwana shamba aje akadirie hasara kwa maandishi, kwa sababu baada ya wiki majani yakikauka hakuna atakayejua muhogo ulikuwa wa umri gani. Kung'oa mazao ya mtu ni jinai, karipoti polisi.

Suluhu ianze kwa sheha. Ikishindikana ni Mahakama ya Ardhi, iliyowekwa kwa Sheria Namba 7 ya 1994. Watu wanapoteza muda kwa kadhi. Kadhi atakusaidia kujua warithi ni nani, lakini kesi ya kodi si yake. Huna pesa ya wakili? Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Chake Chake, na wasaidizi wa sheria tumo majimboni.

Yule dada hakuwa na mkataba. Alikuwa na ujumbe wa malipo kwenye simu na picha za mashina yaliyolala, na kwa hivyo viwili tulikaa na familia nzima barazani kwa sheha. Wakamlipa muhogo kwa kadirio la bwana shamba, kodi hawakumrudishia.