Wakala wa bima: jinsi ninavyopata wateja wa biashara, hatua kwa hatua

Mawakala wengi wa bima hapa Dar es Salaam tumeanzia kwenye magari. Mtu analeta kadi ya gari, anataka bima ndogo, ile inayofidia watu wengine tu na si gari lake, unamtolea stika, basi, mpaka mwaka ujao. Wenye maduka, karakana na maghala hawapatikani hivyo. Hawa unawafuata, na unawafuata kwa utaratibu.

Hatua ya 1: Chagua mtaa mmoja na kazi moja

Usizunguke mji mzima na kipeperushi. Mimi nilianza na mafundi samani wa Keko. Wiki mbili za kwanza sikuuza chochote; nilikaa kwenye mabenchi yao na kuangalia. Dumu la thina liko chini ya swichi. Ekstensheni moja imebeba mashine ya randa, feni na chaja tatu za simu, na maranda yamefunika sakafu hadi kwenye vifundo vya miguu. Fundi mwenyewe anajua moto ukianzia pale utapita fremu ngapi. Ukimwuliza, "Fundi, hapa pakishika moto usiku, nani ana ufunguo?" mmeshaanza kuzungumza bima bila kuitaja.

Hatua ya 2: Pitia daftari lako la magari

Kabla ya kutafuta wageni, angalia nani kati ya wateja wako wa bima ndogo ana kirikuu, Canter au pikipiki ya kusambazia bidhaa. Mwenye kirikuu ana mzigo, na mwenye mzigo ana stoo. Huyo tayari ana namba yako ya simu.

Hatua ya 3: Omba tarehe

Mazungumzo yangu ya kwanza na mwenye duka huwa mafupi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, bima tunayo tayari."

"Vizuri sana, mzee. Inaisha lini?"

"Mwezi wa tisa huko."

"Basi naomba nipite mwezi wa nane tuisome pamoja, tuone kama inatosha mzigo ulio nao sasa."

Kwa ombi hilo sijawahi kufukuzwa. Naandika jina, namba ya fremu na tarehe, kisha narudi siku 30 kabla bima haijaisha. Ukifanya hivi miezi sita mfululizo, kila wiki utakuwa na watu wanaokusubiri. Na kama bima yake ilikatwa kwa sababu ya mkopo wa benki, soma kwa makini kama inalinda duka lote au kiasi cha mkopo tu.

Hatua ya 4: Hesabu mzigo kwa macho yako

Hapa naomba usiwe na haraka. Mteja wangu mmoja wa vifaa vya ujenzi aliniambia mzigo wake ni wa shilingi milioni 40. Nikaandika milioni 40. Sikuingia stoo ya nyuma. Moto ulipotokea uliteketeza mzigo wa milioni 20, na mtathmini akakuta kwamba duka zima lilikuwa na mzigo wa milioni 80. Mteja alilipwa milioni 10. Alikuwa amekatia bima nusu ya mali, kwa hiyo na hasara ikalipwa nusu. Mkataba ulisema hivyo waziwazi. Mimi ndiye niliyepaswa kumweleza, na sikumweleza. Lile jicho alilonitazama nalo bado nalikumbuka.

Tangu siku hiyo nahesabu rafu kwa rafu pamoja na mwenye duka, stoo ikiwemo, na namwuliza mzigo unapanda kufikia kiasi gani kabla ya Idi na mwezi wa Desemba. Kiasi hicho cha juu ndicho tunachokikatia bima. Hesabu ya 40, 80, 20 na 10 namwandikia kwenye karatasi, namwachia. Ada inapanda kidogo, lakini anajua anachokilipia.

Hatua ya 5: Ijue sheria

Mabadiliko yaliyopitia Sheria ya Fedha ya 2022 yaliifanya bima kuwa ya lazima kwa majengo ya biashara, masoko ya umma na bidhaa zinazoingizwa nchini. Kwa waagizaji, zoeana na mawakala wa forodha; wao wanajua kontena linaingia lini. Usimtishe mtu kwa sheria. Mwambie ilivyo. Mwambie pia kwamba ada inalipwa kabla bima haijaanza, hakuna mali kauli, kisha mwonyeshe kwenye simu yake jinsi ya kuhakiki stika katika mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Watu wameshaumizwa na stika bandia, na wana haki ya kuwa na mashaka.

Hatua ya 6: Siku ya hasara, uwe wa kwanza kufika

Piga picha kabla majivu hayajafagiwa. Mkumbushe mteja asitupe kitu chochote mpaka mtathmini afike, mpeleke polisi na Zimamoto kuchukua ripoti, na toa taarifa kwa kampuni siku hiyohiyo. Kisha piga simu kila wiki kuulizia madai yake, hata kama hakuna jipya. Fedha zikishaingia, mwombe akupeleke kwa jirani zake wawili. Nenda naye kwa miguu, siku hiyohiyo, mkiwa na daftari la tarehe mkononi.