Maji ya Ndoo Yakishuka, Usiyarudishe Juu

Nimeitwa Migosi, Nyalenda na Mamboleo, hapa Kisumu, na watu wanaopanda letusi kwenye ndoo ya maji yenye mbolea, bila udongo, kwa lalamiko lile lile: letusi ilinawiri hadi Jumapili, Jumanne ikalala. Ndoo imejaa maji, mbolea imo, wadudu hakuna. Nikiuliza kilichofanyika mwisho naambiwa, "Niliona maji yamepungua, nikajaza."

Huko kujaza ndiko kunakowatia hasara.

Ndoo isiyo na pampu haina kitu cha kuingiza hewa majini. Mmea unapokunywa maji hushuka, na mizizi inayobaki juu huota vinyweleo vya kuvuta hewa yenye unyevu. Ile iliyo chini huendelea kunywa. Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, aliyeeneza njia hii, aliitegemeza juu ya nafasi hiyo ya hewa. Ukiizamisha mizizi ya juu baada ya kuzoea hewa, inakosa oksijeni, na kwa siku moja au mbili mmea unanyauka ukiwa ndani ya maji. Kisumu hali ni mbaya zaidi, kwa sababu maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Paka ndoo rangi nyeupe kwa nje na uiweke kivulini saa za mchana.

Sasa shikeni rula. Siku ya kupanda, maji yafunike kitako cha kikombe cha mche (kile chenye matundu kinachoning'inia kwenye kifuniko) kwa sentimita 1. Si 3, si "hapo karibu". Chora mstari kwa kalamu ya maka. Mizizi ikishatoka kwenye kikombe na kuingia majini, usiongeze chochote kwa siku 14, hata roho ikikusukuma. Mstari wa pili uchore sentimita 10 chini ya ule wa kwanza. Maji yakishaupita huo, hayapaswi kupanda juu yake tena mpaka siku ya kuvuna.

Zikibaki sentimita 5 chini na mavuno bado, ongeza lita 2 tu. Kwenye ndoo ya kawaida ya lita 20, hizo huinua maji kama sentimita 3, na nusu ya mizizi inabaki hewani. Hizo lita 2 ziwe na mbolea nusu ya kipimo cha mwanzo. Mmea hunywa maji haraka kuliko chumvi za mbolea, kwa hiyo yaliyobaki ndooni tayari ni makali, na ukiongeza mbolea kamili ncha za majani zitaungua. Mwenye kipimo cha EC (ukali wa mbolea majini) aiweke letusi kati ya 1.2 na 1.8 mS/cm, na pH (kiwango cha asidi ya maji) kati ya 5.5 na 6.5. Mbolea ya maji inayouzwa kwa chupa mbili, A na B, usizichanganye kabla ya kuzitia majini: kalsiamu itagandamana na salfeti na fosfeti, mbolea itulie chini kama chokaa.

Wenzetu wa Nakuru wanaotumia maji ya kisima kirefu wapime pH kila siku 3, maana maji mengi ya huko yana magadi na pH hupanda yenyewe. Maji ya mvua kutoka kwenye mabati ni bora.

Kosa hili lina mzizi wake, nao ni kuchagua mmea usiofaa. Ndoo hii ni ya letusi na dania, mimea inayomalizika kwa wiki chache. Watu wanapanda sukuma wiki, wanataka kuchuma miezi sita, basi lazima wajaze kila mara. Sukuma wiki ipandeni kwenye gunia la udongo. Pampu ya kuingiza hewa nayo inataka stima isiyokatika, na mwenye nyumba ambayo stima hupotea mara kwa mara asiinunue.

Kifuniko kibane na kila tundu lisilo na mmea lizibwe. Mwanga huleta mwani wa kijani, na mbu hawatafuti zaidi ya maji yaliyotulia.

Mizizi myeupe yenye manyoya ni dalili njema.

Kama ulijaza jana, chota maji leo kwa kikombe mpaka yarudi yalipokuwa, kisha mwekee mmea kivuli siku 2. Ukikuta mizizi ni ya kahawia, inateleza na inanuka, ng'oa, osha ndoo kwa klorini, isuuze vizuri, uanze na mche mpya.