Kabla hujaing'oa Aspell na kuhamia Hunspell

Aspell, programu ya kukagua tahajia kwa amri za terminal, haijazimwa; ukiipa amri leo itakujibu kama kawaida. Ila matoleo yake yanapishana kwa miaka: 0.60.8 lilitoka 2019, na 0.60.8.1 likaja mwishoni mwa 2023. Fedora, mmoja wa mifumo ya Linux, wameshaiweka kwenye kundi la vifurushi vinavyoachwa. Mrithi anayejitokeza mbele ya wote ni Hunspell, ile ile inayokagua tahajia ndani ya LibreOffice na Firefox.

Okoa kwanza maneno yako mwenyewe. Kamusi za lugha utazipakua tena wakati wowote, lakini majina ya watu, mitaa na vifupisho ulivyoongeza miaka yote hii vimo kwenye ~/.aspell.en.pws peke yake. Mstari wa kwanza wa faili hilo, unaoanza na personal_ws-1.1, ni kichwa cha Aspell tu. Yanayofuata ni neno moja kila mstari, na Hunspell inataka hivyo hivyo. Basi amri hii inatosha:

tail -n +2 ~/.aspell.en.pws > ~/maneno.txt

Kisha kila unapoiita Hunspell, itajie ~/maneno.txt kwa -p. Usipoitajia, itatumia faili linalofuata jina la kamusi, mfano ~/.hunspell_en_US, na siku utakapobadili kamusi utadhani maneno yako yamepotea. Kama yapo yenye herufi za alama kama é, hakikisha faili limehifadhiwa kwa usimbaji wa UTF-8.

Kamusi zilizomo kwenye mashine utaziona kwa hunspell -D (ikimaliza kuorodhesha na kukaa kimya, haijakwama; inasubiri uandike, bonyeza Ctrl-C). Kwenye Debian, mfumo mwingine wa Linux, ya Kiswahili imo katika kifurushi cha hunspell-sw, na jina lake ni sw_TZ. László Németh aliitengeneza Hunspell kwa ajili ya Kihungaria, lugha yenye viambishi tele, kwa hiyo maneno yanayojengwa kwa viambishi si mageni kwake. Hata hivyo usitegemee miujiza: vitenzi sahihi vitatiwa alama, nawe utaviongeza mwenyewe. Kwangu mimi faida kubwa ni -d en_US,sw_TZ, kwa sababu barua zetu nyingi huchanganya lugha hizo mbili, na kukagua mara mbili kunachosha.

Sasa pitia skripti. Palipo na aspell list < barua.txt weka hunspell -l barua.txt. Hali (mode) ya tex, ya mafaili ya LaTeX, inakuwa -t; ya html inakuwa -H. Kwenye kihariri cha Emacs ni kubadili mpangilio wa ispell-program-name tu, maana Aspell na Hunspell zote zinaelewa -a, njia ambayo programu nyingine huzungumza nazo. Penye shida ni Markdown, maandishi yenye alama rahisi za mpangilio: Aspell 0.60.8 ina hali yake, Hunspell haina, hivyo vipande vya msimbo vitajaa kwenye orodha ya makosa. Viondoe kwa sed kabla ya kukagua.

Endesha zote mbili juu ya waraka mmoja mrefu, pitisha kila orodha kwenye sort -u, uzilinganishe kwa diff. Maneno yako ya kila siku yakionekana upande wa Hunspell tu, -p haijasoma faili lako.

Mwisho, kabla ya kufuta, tazama nani anaitegemea: apt-cache rdepends --installed aspell. Ikitokea programu unayoihitaji, iache Aspell ikae. Haigombani na Hunspell.