Mtu kaomba kujiunga na timu yako ya tafsiri, unamkubalije?

Kama wewe ndo mratibu wa timu ya lugha inayotafsiri programu kwenye majukwaa ya mtandaoni kama Weblate, Transifex, Pontoon au popote pale, hali hii unaijua: ombi linaingia, jina hulijui, profaili haina picha wala maelezo, na huelewi kama ni mtu wa kazi kweli au kabofya tu akapita zake. Wengi hapo wanasema ntalitazama kesho. Hiyo kesho ndo inaua timu, maana anayejitolea ana moto siku ile aliyoomba, ukimjibu baada ya mwezi keshasahau hata nywila. Kwa hiyo jibu mapema, siku mbili tatu zisipite, hata kama jibu lenyewe ni "ombi nimeliona, karibu, anza na mistari hii".

Kabla ya kujibu angalia tu kama lugha aliyoomba ndo hiyo yenu, kuna watu wanaomba timu kumi kwa mpigo, na kama profaili imejaa linki za kuuza vitu hiyo ni spamu, kataa usiumize kichwa. Profaili tupu siyo kosa. Shahada ya lugha pia usiidai, mimi sioni inasaidia nini hapa.

Sasa kitu ambacho waratibu wengi wanachanganya: kumkaribisha mtu siyo sawa na kumpa ruhusa ya kupitisha tafsiri. Karibu kila jukwaa limetenganisha hivyo vitu. Pontoon ya Mozilla mtu akishakuwa na akaunti anaweza kutoa mapendekezo, ila mwenye ruhusa ya mfasiri ndo tafsiri zake zinaingia moja kwa moja na anaweza kupitisha za wenzake. GNOME, mradi wa programu huria za Linux, wana mfasiri, mhakiki, anayekomiti (yani anayeingiza tafsiri kwenye mradi wenyewe) na mratibu. WordPress mapendekezo yanasubiri mpaka mhariri ayapitishe, na translatewiki.net wao mgeni anafanya kwanza tafsiri za majaribio ndo anafunguliwa. Kwa hiyo mlango wa kwanza usiubane, mwache aingie kwenye mapendekezo, ukali wako uuweke kwenye ngazi ya pili.

Halafu mpe kazi ndogo, mistari kumi na tano hivi (mstari ni kipande kimoja cha maandishi ya programu) inatosha, ila ichague mwenyewe usimwambie tu "anza popote". Weka wenye %s ndani (alama ambayo programu inaweka neno mahali pake), weka wenye %d (hiyo ni ya namba) na umoja na wingi, weka kitufe cha neno moja, weka sentensi moja ndefu ya onyo, na weka wenye istilahi iliyomo kwenye faharasa yenu, yani orodha ya maneno mliyokubaliana, uone kama aliifungua. Akiharibu %d usimfukuze, hayo yanafundishika na tena msgfmt -c (amri ya kompyuta ya kukagua faili za tafsiri) au ukaguzi wa Weblate unayakamata wenyewe. Kisichokamatwa na mashine ni mtu aliyechukua kila kitu Google Translate akabandika, na huyo utamjua kwa ngeli: mstari huu "faili limefutwa", unaofuata "faili imefutwa", chini kidogo "faili zimefutwa" wakati ni faili moja lile lile, yani hakuna mtu aliyesoma. Ukiwa na shaka muulize kuhusu mstari mmoja tu, hapa kwa nini umeandika hivi? Aliyefikiria atakuwa na sababu, hata kama hukubaliani nayo.

Unapomrudishia usimwagie makosa thelathini, chagua matatu yanayojirudia, na umwambie pia kilichokaa vizuri. Kisha subiri uone anavyopokea. Kwangu mimi hiki ndo kipimo kikubwa kuliko vyote, mtu mwenye tafsiri za wastani anayerekebisha na kuuliza nampandisha kabla ya fundi anayegomba kila akiguswa, kwa sababu mhakiki kazi yake ni kuishi na maneno ya watu wengine.

Mwambie mapema pia kwamba kazi yake itatoka kwa leseni ya mradi, na asinakili tafsiri kutoka programu za kibiashara hata kama ni nzuri, hapo mnaweza kuingiza mradi kwenye kesi ya hakimiliki.

Ukikataa, sema sababu kwa kifupi na uache nafasi: "mapendekezo yako bado yanatoka kwenye mashine bila kupitiwa, ukiyapitia mwenyewe tuma tena". Kukataa kimya kimya ni ubaya tu.

Na ruhusa za juu zipitie mara moja moja. Wawepo angalau wawili wanaoweza kupitisha maombi, ukiwa peke yako ukaumwa timu nzima inasimama. Aliyenyamaza muda mrefu mwandikie kwanza, asipojibu mrudishe ngazi ya mapendekezo, kazi aliyofanya inabaki kwenye historia kwa jina lake, na siku akirudi unamrudishia ruhusa hapo hapo.