Unaenda kufanya kazi katikati ya Wamarekani na Wachina? Panga haya kabla hujaanza

Hii ni kwa nyie mnaoenda kuajiriwa kwenye kampuni ambazo bosi mmoja yuko Ohio, Marekani, na mwingine yuko Dongguan, mji wa viwanda kusini mwa China, na wewe uko hapo katikati unafuatilia mizigo, unakagua ubora, au umewekwa tu kwenye timu kwa sababu ulisoma China ukajua lugha na Kiingereza unacho. Tuko wengi siku hizi. Nimekaa humo, nimeona watu wazuri wa pande zote mbili wakigombana mpaka kazi inawafia mikononi, na karibu kila mara ni kwa sababu ya mambo ambayo yangepangwa wiki ya kwanza yakaisha.

Tuanze na saa. China nzima inatumia saa moja, ya Beijing, na haibadiliki. Walijaribu kusogeza mishale kuanzia 1986, baada ya 1991 wakaacha. Marekani wanasogeza Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo kikao cha saa mbili asubuhi Ohio ni saa mbili usiku Dongguan wakati wa joto, ikifika Novemba kinakuwa saa tatu usiku bila mtu kuulizwa, na yule mwenye mtoto mchanga aliyekuwa anajikaza saa mbili sasa ajikaze saa tatu. Wekeni zamu. Mwezi huu wakeshe hawa, mwezi ujao wakeshe wale. Upande mmoja ukikesha mwaka mzima usitegemee wakuletee mawazo mapya saa hizo.

Tarehe andika mwezi kwa jina, maana 03/04 kwa Mmarekani ni Machi 4, kwetu ni Aprili 3, na Mchina anaanza na mwaka. Vipimo weka milimita na inchi zote mbili.

Majina: la ukoo ndo linatangulia kwa Wachina. Mwenye cheo mwite kwa cheo mpaka mwenyewe akuruhusu vingine. Mmarekani atataka umuite jina lake la kwanza siku ya kwanza hata kama ni mkurugenzi, muite tu, ila ubosi wake uko palepale.

Mawasiliano: Gmail, Google na WhatsApp hazifunguki China bara bila VPN, yaani programu ya kupitisha intaneti yako nchi nyingine. Huko watu kazi zao zinaishi kwenye programu za Kichina za kutumiana ujumbe, WeChat, au DingTalk, au Feishu, inategemea kampuni. Sasa kuna kampuni za Kimarekani zinakataza kabisa kuongelea kazi WeChat kwa sababu za usiri, halafu wakati huohuo kiwanda kinajibu WeChat tu, imeli inakaa siku tatu. Usisubiri uje kukamatwa katikati. Uliza kabla, kwa maandishi, kipi kinaruhusiwa kupita wapi. Na kama unatuma orodha za wafanyakazi, namba za vitambulisho, vitu kama hivyo, jua kwamba tangu Novemba 2021 China ina sheria ya taarifa binafsi na kuzitoa nje ya nchi kuna utaratibu wake, usitume kwa sababu tu mtu wa Chicago kaomba.

Kalenda. Mwaka Mpya wa Kichina unaangukia kati ya Januari 21 na Februari 20, tarehe zinahama kila mwaka, na usihesabu zile siku za serikali tu, mafundi wa viwandani wanaanza kuondoka kabla na wengine hawarudi tena, wanatafuta kazi sehemu nyingine. Oktoba mosi nayo wiki nzima imeenda. Halafu wana kitu ambacho Wamarekani wengi hawakijui: sikukuu ikiwa ndefu, baadhi ya Jumamosi au Jumapili za karibu zinageuzwa kuwa siku za kazi kufidia. Kwa hiyo Mchina yuko ofisini Jumapili anatuma maswali, Mmarekani anaona anasumbuliwa. Wamarekani nao wana Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, na kuanzia hapo hadi Januari kumpata mtu wa kusaini kitu ni shughuli. Bandika kalenda zote mbili ukutani.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nikae niandike yote haya. Kabla mradi haujaanza, kabla hata ya oda, kaeni mkubaliane habari mbaya itapita njia gani. Nani atamwambia nani, kwa simu au kwa maandishi, pembeni au mbele za watu, na mapema kiasi gani. Habari nzuri itafika yenyewe tu. Habari mbaya ndo inakwama, na kati ya watu hawa wawili inakwama huku kila mtu anatabasamu kwenye kamera.

Kiwanda kilikuwa Dongguan, kinatengeneza mifuniko ya plastiki ya mashine za jikoni, mnunuzi kampuni ya Ohio. Kila Jumatano kikao cha video. Upande wa Marekani anaongoza meneja wa mradi, jamaa mchangamfu, mwenye nia njema kabisa. Upande wa China yupo meneja wa kiwanda, mtu mzima, na chini yake injinia mmoja dada kijana ambaye ndo alikuwa anaijua ile plastiki kuliko mtu yeyote. Siku moja kwenye kikao yule dada akasema mifuniko ya majaribio inapinda kidogo ikishapoa, anahisi ni malighafi ya msambazaji mpya. Mmarekani akauliza palepale, kwa sauti ya kawaida tu, mbona hukusema wiki iliyopita? Kwao hilo ni swali, anataka tarehe aiandike kwenye faili lake aendelee. Lakini pale watu wote wamekaa, mkubwa wake anasikiliza, na msambazaji mpya alichaguliwa na huyohuyo mkubwa. Kwa hiyo kwa swali moja dada ameonekana mzembe na mkubwa wake ameonekana hajui kinachoendelea kwenye kiwanda chake. Meneja akajibu yeye, tutaliangalia. Injinia hakufungua mdomo tena, siku hiyo wala wiki zilizofuata.

Kuanzia hapo kila Jumatano Mmarekani anauliza, kuna mwenye wasiwasi wowote? Kimya. Anasubiri kidogo, anasema safi sana, tuendelee. Yeye kile kimya kakichukua kama wamekubali. Na wale wa Dongguan kwa upande wao walishasema! Walisema tutaliangalia, walisema tutajitahidi, walisema muda naona ni mfupi kidogo, na baada ya kikao hakuna mtu wa Ohio aliyewatafuta pembeni kuuliza kulikoni, basi wakaona mnunuzi ameelewa na ameamua twende hivyohivyo. Hapo naomba msome tena polepole. Hakuna aliyedanganya. Mmoja alikuwa anasubiri aambiwe waziwazi, mwenzake alikuwa anasubiri aulizwe faragha, na wiki zinakatika.

Mzigo ukatoka bandari ya Yantian siku chache kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina. Maboksi machache yalitangulia kwa ndege ili Ohio waanze kufunga mashine za kwanza, kufungua, mifuniko imepinda, haikai. Kupiga simu kiwandani hakuna mtu, mafundi wameshapanda treni kwenda makwao Hunan na Guangxi, na kontena zima liko baharini linaelekea bandari ya Long Beach, Marekani. Yule Mmarekani akatolewa kwenye mradi. Injinia akahamishiwa stoo kuhesabu maboksi, na alikuwa fundi kweli yule dada, inaniuma mpaka leo. Ohio wanasema walitufi­cha, Dongguan wanasema walijua.

Aliyekuja kushika nafasi ya yule meneja wa mradi alikuwa mama mmoja Mmarekani aliyewahi kuishi Shanghai, na akabadilisha vitu vidogo tu. Kila Jumanne anapiga simu mojamoja, kwanza kwa meneja, kisha kwa ruhusa ya meneja anaongea na mafundi, kwa hiyo Jumatano kikao kikawa cha kuthibitisha yale ambayo yameshasemwa na hakuna anayeshtukizwa. Swali nalo akaligeuza. Badala ya mtaweza kumaliza tarehe 15, akawa anauliza kitu gani kinaweza kutuchelewesha, maana lile la kwanza mtu mstaarabu mbele ya mteja atajibu nini zaidi ya ndiyo? Picha za mifuniko kila jioni. Jedwali lenye rangi, kijani, njano, nyekundu, na sheria kwamba mtu akiweka njano haulizwi mbele za watu, anatafutwa baadaye. Muhtasari wa kikao unatumwa siku hiyohiyo, kwa sababu wengi wanasoma Kiingereza vizuri zaidi kuliko wanavyokisikia kikitoka mdomoni mwa mtu anayekimbia. Na akakubaliana na meneja wa kiwanda kwamba ucheleweshaji ukisemwa wiki mbili kabla hauna faini, ukisemwa siku ya mwisho unayo. Hapo meneja akapata sababu ya kusema mapema bila kuaibika kwa wakubwa zake. Mifuniko ikatoka.

Sisi hili tunalijua, posa haipelekwi na muoaji mwenyewe, anatumwa mshenga ili likikataliwa mtu asiumbuke. Wewe uliye katikati watakutumia hivyohivyo, na mimi naona ukubali, ila pande zote mbili ziwe zimekubaliana mbele yako kwamba ndo kazi yako. Ukijifanya mbeba maneno kimyakimya, siku mambo yakiharibika wote watakunyooshea kidole wewe.

Na msidhani wanaozunguka ni Wachina peke yao. Mmarekani akitaka kukosoa kazi ya mtu anaizungushia sifa kwanza. Kazi nzuri, napenda ulivyojipanga, labda ungefikiria kuirudia sehemu ya tatu, kwa ujumla uko vizuri sana. Sasa yule kijana wa Shenzhen amezoea bosi wake Mchina ambaye kazi ikiwa mbovu anamwambia mbovu, rudia, tena kwa sauti, kwa hiyo haya ya leo kayasikia ni pongezi tupu. Sehemu ya tatu haiguswi. Mwisho wa mwaka tathmini inakuja na alama za chini na hajui alikosea lini. Kama wewe ndo unamfahamisha, mwambie aitafute ile labda iliyokaa katikati, hiyo ndo amri yenyewe. Na Mmarekani mwambie aweke sentensi moja iliyo wazi, hiki lazima kibadilike kabla ya Ijumaa, halafu sifa zake aziongeze anavyotaka.

Ila usiende na orodha kichwani ya Mchina yuko hivi Mmarekani yuko vile. Vijana wa kampuni za teknolojia Shenzhen wanabishana na bosi vizuri tu, na mtu wa Minnesota anaweza kukuzungusha kuliko mtu yeyote wa Dongguan wakati wa New York kashamaliza kusema. Cheo, umri, nani mwingine yuko chumbani, hivyo angalia kwanza.

Kufukuzana kazi. Marekani karibu majimbo yote mwajiri anaweza kukuachisha hata leo bila kutoa sababu, isipokuwa Montana. China haiko hivyo, sheria ya mikataba ya ajira iliyoanza Januari 1, 2008 inataka sababu na mara nyingi fidia, kawaida mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka uliofanya kazi. Nimeona bosi kutoka Marekani anatamka kwenye kikao huyu leo ni mwisho, wanasheria wakahangaika miezi. Na yale ya kupiga kazi saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku siku sita kwa wiki, Mahakama Kuu ya Watu ya China ilisema Agosti 2021 kwamba ni kinyume cha sheria, kwa hiyo mtu asikuambie ndo utamaduni wa huko.

Zawadi: uliza kikomo cha kampuni kabla hujapokea wala kutoa. Marekani wana sheria ya 1977 dhidi ya kuhonga maofisa wa nje, na mfanyakazi wa kampuni ya serikali ya China anaweza kuhesabiwa ofisa. Keki za sikukuu ya vuli sawa, bahasha hapana.

Siasa zikae mbali na meza, na kagua fomu zako. Januari 2018 hoteli za Marriott zilituma dodoso kwa wateja wa China lililoorodhesha Tibet, Hong Kong, Macau na Taiwan kama nchi, wakati China inazihesabu zote kuwa sehemu yake, tovuti yao ikafungwa wiki nzima huko, na mfanyakazi mmoja wa Nebraska akapoteza kazi kwa kubonyeza kupenda tu, kwa akaunti ya kampuni, ujumbe wa kundi linaloiunga mkono Tibet. Kimenyu kimoja cha kuchagua nchi kwenye programu yako kinaweza kukuletea hayo.

Chakula cha jioni na wenyeji ni kazi, nenda. Kama hunywi pombe au huli nguruwe sema mapema kwa aliyekualika, siyo pale bilauri ziko juu. Chai inatosha kugongea, na ukigonga na mkubwa shusha ya kwako kidogo.

Mengine ni ya kawaida ila yafanye. Usirekodi kikao bila kuomba. Usitafsiri utani, uruke. Usiongeze bosi wa mtu kwenye imeli ili kumtisha. Ukikasirika usiku usitume, subiri kukuche upande wako na upande wao. Tunza nakala za makubaliano ya WeChat, simu zinapotea. Mambo ya bei na faini usiyabebe wewe kwa mdomo, waambie waandikiane wenyewe, na mtu akikutuma neno kwa mwenzake, muulize kwanza kama yuko tayari liandikwe na jina lake juu.