Vitunguu vya maua: ua unalinunua likiwa ndani tayari

Kwanza tuelewane kwenye jina, maana mtu akisema balbu wengi tunawaza taa. Hapa balbu za kupanda ardhini zikatoa maua nitaziita vitunguu vya maua na kiukweli ndo vilivyo, ukikata cha ua linaloitwa tulipu katikati utaona tabaka zimepangana kama kitunguu cha kupikia, halafu pale kati kabisa kuna kitu kidogo kimejikunja. Hicho ndo ua lenyewe. Tulipu, dafodili, hayasinti, zote ua la msimu ujao linaumbika humo ndani mapema kabla hata hujatoa hela yako. Kwa hiyo kazi yako sio kulitengeneza, kazi yako ni kutoliharibu, na wengi wanaliharibu kabla hata hawajashika jembe.

Ukienda kununua, shika kitunguu mkononi ukibonyeze. Kiwe kigumu na kizito kwa umbo lake. Kikibonyea kimeanza kuoza, kikiwa chepesi kimekauka ndani, na ukikuta chini pale pa kutokea mizizi pamelegea au pananuka achana nacho hata kama bei imeshushwa. Lile ganda la kahawia kubanduka sio tatizo, ukungu kidogo wa juujuu nao unafutika tu. Ila vikiwa vimeshachipua sana dukani mi siviamini, vimekaa kwenye joto muda mrefu.

Halafu angalia namba kwenye pakiti, kama 11/12 au 12+. Hizo ni sentimita za mzunguko wa kitunguu, na kadiri kinavyokuwa kikubwa ndo ua linakuwa la maana. Tulipu ya 12 kwenda juu ndo ya kutafuta. Usilinganishe aina na aina lakini, krokasi, ua jingine la vitunguu, kwa asili ni kadogo. Mi naona bora vitunguu 15 vikubwa kuliko pakiti ya mchanganyiko ya 50 yenye picha nzuri, ukiifungua ndani ni vidogo kama vitunguu saumu. Na hayasinti zishike na glavu, zinawasha ngozi balaa.

Wakati wa kupanda ni pale joto limeisha na udongo umepoa, chini ya digrii 13 za selsiasi hivi, ila ardhi bado haijaganda. Nusu ya kaskazini ya dunia ni Septemba mpaka Novemba, ya kusini ni kuanzia Aprili hivi. Anza na dafodili na krokasi, tulipu ziache mwisho kabisa maana udongo wa baridi unapunguza magonjwa ya ukungu.

Sasa hapa kwenye baridi ndo watu wengi wanapotelea. Hivi vitunguu vinahitaji wiki nyingi za ubaridi, tulipu ni kama 12 mpaka 16, bila hivyo shina halirefuki, unapata ua limekwama chini kwenye majani au hupati kitu kabisa. Kama unakaa sehemu isiyo na baridi ya kweli, weka kwenye friji (sio friza jamani, vikiganda vimekufa) ndani ya mfuko wa karatasi ili vipumue, halafu ukivitoa uvipande siku hiyohiyo. Na usivichanganye na matunda! Mi mwaka wa kwanza niliviweka droo moja na matofaa, nikavipanda kwa mbwembwe zote, yakaja majani mazuri kweli ila ua hata moja sikupata. Baadaye ndo nikaelewa kwamba matunda yanayoiva yanatoa gesi ya ethilini na gesi hiyo inaua lile ua changa mule ndani, yaani nilikuwa nimeshaharibu miezi mitatu kabla ya kupanda.

Kupanda kwenyewe ni rahisi. Chagua sehemu yenye jua na isiyotuamisha maji, maji yakisimama vinaoza, hakuna ujanja. Udongo ukiwa wa mfinyanzi changanya mboji na kokoto ndogo au inua tuta. Kina ni mara mbili mpaka tatu ya urefu wa kitunguu, kwa hiyo tulipu na dafodili zinaenda sentimita 15 hivi, hata 20 kama udongo ni mwepesi, krokasi 8 mpaka 10 zinatosha. Ncha juu, na ukishindwa kujua juu ni wapi kilaze ubavu, chipukizi litapinda lenyewe kwenda juu. Acha nafasi ya mara mbili ya upana wake kati ya kimoja na kingine, fukia, mwagilia mara moja vizuri, basi. Usivipange mstari kama mahindi, uvipande kwa mafungu ya saba au kumi ndo bustani inapendeza. Kwenye chungu unaweza kupanga ghorofa, tulipu chini, krokasi juu yake, zinachipua kwa zamu.

Kama kuna kindi au panya wanaofukua, funika na wavu wa waya mpaka vichipue. Au panda dafodili tu, hawazigusi kwa sababu zina sumu. Sumu hiyo ni kwa watu pia, na zinafanana sana na vitunguu vya jikoni, kwa hiyo andika jina kwenye mfuko na usiziweke karibu na chakula hata kidogo.

Maua yakinyauka kata kile kichwa kisitengeneze mbegu, ila majani usiguse. Najua yanachosha macho yakianza kuwa ya njano na kulalia upande, wengine wanayafunga mafundo au kuyasuka ili paonekane pasafi, hapana, yaache hivyohivyo kama wiki sita maana yanapika chakula cha ua la mwaka unaofuata. Dafodili ukizitunza hivyo zitarudi miaka na miaka na kuongezeka, tulipu nyingi zinachoka baada ya mwaka wa kwanza hivyo jiandae kununua tena. Kujua muda umefika vuta jani taratibu, likitoka bila kubisha unaweza kusafisha.